Beagle kwenye bedsita: ama mbwa ama mimi

Nilipoacha chuo, beshte yangu aliyekuwa akihama aliniachia mbwa wake, Beagle wa miaka miwili. Nikadhani kwa vile ni mdogo atatoshea bedsita yangu Umoja. Wacha tu!

Beagle alizalishwa Uingereza kuwinda sungura kwa kunusa, akikimbia na kundi. Ukimfungia peke yake mchana kutwa, analia mlio mrefu kama anayeita wenzake. Majirani wakachoka. Mwenye ploti akanipa wiki moja: ama mbwa ahame ama mimi.

Ikabidi nibadilike. Saa kumi na mbili asubuhi tunatembea saa nzima, kamba mkononi, maana akishika harufu hasikii hata jina lake. Chakula napima, kwani hunenepa upesi. Masikio yake yaliyolala nayakagua kila wiki yasioze. Chanjo ya kichaa cha mbwa, kila mwaka. Nikitoka, namfichia vipande vya chakula ndani ya makaratasi avitafute.

Wiki ikaisha, mwenye ploti hakurudi. Lakini nikiruka matembezi siku moja tu, ploti nzima inajua.

Kwa hivyo kabla macho yake hayajakuteka, jiulize: hiyo saa kumi na mbili, utaamka?