Utulivu Uliotoka Kiwandani

Mwaka 1856 Utagawa Hiroshige alichora bustani ya hekalu la Kameido Tenjin, mashariki ya Edo, mji ambao leo ni Tokyo. Mashada ya maua ya wisteria yananing'inia mbele kabisa ya mtazamaji. Nyuma yake kuna bwawa na daraja lililopinda kama upinde. Ni rahisi kudhani kwamba mchoraji alipakuta mahali patulivu, akapanakili. La hasha. Utulivu ule ulitengenezwa, tena na watu kadhaa, kwa ajili ya kuuzwa.

Hiroshige mwenyewe alichora kwenye karatasi nyembamba tu. Mchongaji aliibandika kifudifudi juu ya ubao wa mcheri, akachimba hadi mistari peke yake ikabaki imeinuka, kisha akachonga mbao nyingine kwa ajili ya rangi. Mchapaji alipaka rangi, akalaza karatasi yenye unyevu, akaisugua kwa mkono. Ile buluu inayofifia taratibu katika picha hii haikuchongwa popote. Mchapaji aliipata kwa kupunguza rangi ubaoni, upya kwa kila nakala. Ndiyo maana nakala hazifanani. Katika baadhi yake, upenyo ulio chini ya daraja umepakwa buluu ya maji mahali palipostahili kuwa anga, na bwawa linaonekana limepanda juu isivyowezekana.

Wapo watakaosema kwamba basi picha inadanganya, maana tetemeko la Novemba 1855 lilikuwa limeua maelfu ya watu Edo, na msimu wa maua uliwajaza watu hekaluni. Lakini wanunuzi wengi walikuwa wakazi wa mji huohuo; hapakuwa na wa kudanganywa. Isitoshe, Hiroshige hakuwaondoa watu. Wapo ng'ambo ya bwawa, wameketi wakitazama maua, ila amewafanya wadogo na kuyasogeza maua karibu. Utulivu umo katika mpangilio huo.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba kazi ya mikono mingi, iliyogharamiwa na mchapishaji Uoya Eikichi ili apate faida, si sanaa ya mtu mmoja. Ni kweli, si ya mmoja. Mpango ni wa Hiroshige, lakini kosa la mchapaji mmoja lilitosha kuuvuruga, na hilo linaonyesha uzito wa mkono wake. Majina ya wachapaji wengi hayakuandikwa pichani. La Hiroshige liliandikwa. Sifa iligawanywa vibaya.