Je, Wajua? Rod Serling alipitisha ukweli kwa mlango wa hadithi za ajabu

Je, wajua kwamba tamthilia ya Patterns, iliyorushwa mubashara na televisheni ya Marekani Januari 1955, iliwagusa watazamaji hivi kwamba waigizaji waliitwa kuicheza upya Februari? Ndiyo iliyompa jina mwandishi wake Rod Serling, askari wa zamani wa miavuli aliyepigana Ufilipino katika Vita vya Pili vya Dunia.

Jina hilo halikumpa uhuru. Mwaka 1956 aliandika mchezo uliochochewa na mauaji ya Emmett Till, kijana mweusi wa miaka 14 aliyeuawa Mississippi. Wadhamini wakaogopa kuwaudhi wateja wa majimbo ya Kusini. Hadithi ikahamishiwa New England, na aliyeuawa akageuzwa mgeni asiye na jina. Ilibaki ganda tupu.

Serling akabadili mbinu. Alianzisha mfululizo wa televisheni wa hadithi za ajabu, The Twilight Zone, safari hii akiwa pia mtayarishaji mkuu, ili awe na kauli juu ya miswada. Kati ya 1959 na 1964 zilirushwa sehemu 156. 92 aliziandika mwenyewe. Ubaguzi na chuki ya umati alivivisha sura za viumbe wa sayari nyingine, na wadhamini wakavipitisha. Ile sehemu ya 1960, ambamo umeme unakatika mtaani na majirani wanaanza kushukiana, bado inachoma kuliko hotuba nyingi.

Yeye na Michael Wilson ndio walioandika filamu ya Planet of the Apes (1968). Alifariki 1975, akiwa na miaka 50 na tuzo sita za Emmy.