Je, Mtenda Mabaya Anaweza Kubadilika?

Katika vikao vya amani swali hili halikosi: mtu aliyeua na kuharibu anaweza kubadilika kweli? Safari hii tunalitazama kupitia mchezo wa televisheni wa Marekani uitwao Loki. Ulionyeshwa kwa awamu mbili, mwaka 2021 na 2023, kila awamu vipindi 6.

Loki ni mtu wa hadithi mwenye nguvu za ajabu. Katika sinema ya The Avengers ya mwaka 2012, aliongoza jeshi kushambulia mji wa New York kwa sababu alitaka kutawala. Katika mchezo huu anakamatwa na idara inayolinda mwendo wa wakati. Afisa wake mmoja, Mobius, anamketisha na kumwonyesha picha za maisha yake: watu aliowaumiza, hata namna matendo yake yatakavyosababisha kifo cha mama yake. Mwishowe Loki anakiri kwamba hafurahii kuumiza watu. Alitumia hofu kuficha udhaifu wake.

Lakini habadiliki siku moja. Anadanganya tena, kisha polepole anapata marafiki na kujifunza kuwajali. Idara nayo ina kosa lake: wafanyakazi wake walinyakuliwa katika maisha yao na kufutiwa kumbukumbu. Wanapojua ukweli, baadhi yao wanakataa kuendelea kuangamiza wengine.

Kwa karne nyingi Loki anarudi nyuma tena na tena ili kurekebisha mambo, bila kufaulu. Ndipo anakubali kushika nyuzi za wakati kwa mikono yake, akikaa peke yake, ili wengine waishi. Alitafuta kiti cha enzi ili atumikiwe. Anakalia kiti cha kubeba mzigo.

Sisi hatuwezi kurudi siku ile kabla ya kukimbia vijiji vyetu. Tunaweza kusema ukweli na kubeba mzigo wa kujenga upya. Hata hivyo mchezo huu una pengo: watu wa New York hawaulizwi neno. Kwetu isiwe hivyo. Aliyeumizwa asikilizwe kwanza, wala asilazimishwe kusamehe upesi.

Viongozi, zungumzeni haya na familia zenu:

- Aliyekosa ameambiwa wazi alichowafanyia watu?
- Anakubali kubeba mzigo gani?
- Walioumizwa wanasema nini?

Toba ya kweli huonekana kwa kazi.