Kipima Tetemeko Hakizikwi Kwenye Majaruba

Ukitoka Rujewa kuelekea Chimala, milima inakufuata mkono wa kushoto. Chini yake ardhi imedidimia, na ndipo lilipo bonde la Usangu na mpunga wake: tawi la Bonde la Ufa linalokutana na matawi ya Rukwa na Nyasa huko Mbeya. Matawi hayo hayajalala. Tarehe 13 Desemba 1910 upande wa Rukwa ulipigwa na tetemeko lenye ukubwa wa takriban 7.4, na Desemba 2009 Karonga, ng'ambo ya mto Songwe, ilitikisika mara kwa mara. Usangu panafaa kufungwa kipima tetemeko cha kudumu.

Kazi ngumu ni kuchagua mahali. Chombo hiki hunasa mtikisiko ambao mguu wa mtu hauuhisi kabisa, kwa hiyo hunasa pia malori ya barabara kuu, treni ya TAZARA, powertila, mashine za kukoboa mpunga, hata mti unaoyumbishwa na upepo. Majaruba ndiyo mabaya kuliko yote. Udongo mfinyanzi hufura masika na kupasuka kiangazi, chombo kikainama. Tena udongo laini hukuza mtikisiko, kipimo kikapotoka. Afadhali kusogea hadi miguuni mwa milima, mahali ambapo jembe linagonga mwamba.

Kabla ya kwenda shambani, vipima viwili au zaidi huwekwa sakafu moja, usiku kucha. Sakafu ni ileile, basi na michoro yao ifanane. Kinachoachana na wenzake kina kasoro. Jaribio hili halirukwi, maana chombo kibovu kikishazikwa huandika uongo kwa miezi mingi.

Kisha shimo, kama mita moja kwenda chini, na zege jembamba juu ya mwamba, bila nondo, kwa sababu chuma huvuta dira. Zege likikauka, chombo husawazishwa kwa pimamaji, mshale wake huelekezwa kaskazini halisi, halafu hufunikwa kisiguswe na joto la mchana wala baridi ya usiku. Juu hubaki sola, betri na antena ya GPS ya kulinda saa. Saa ni roho ya kazi nzima. Wimbi la kwanza la tetemeko hutangulia la pili, na kila sekunde kati yao ni takriban kilomita 8 kutoka tetemeko lilipotokea. Vituo vitatu vyenye saa sahihi vikisoma tetemeko moja, mahali pake panajulikana.

Mwaka 1994 na 1995 watafiti walifunga vituo 20 nchini kwa muda, vikaonyesha umbo la miamba ya kale iliyo chini ya nchi yetu. Vilipoondolewa, usikilizaji ule ulikoma. Bukoba ilipopigwa tarehe 10 Septemba 2016 na watu wasiopungua 17 wakafa, tulikumbushwa kwamba ardhi haingoji utafiti urudi.

Kipima hakitabiri tetemeko. Kinaonyesha ufa upi uko hai, ili wahandisi wajue shule na zahanati zijengwe wapi na kwa uimara gani. Kwa hiyo, wataalamu, kaeni na serikali ya kijiji kabla ya kuchimba, mweleze kwamba hamtafuti dhahabu. Nanyi wanakijiji wa Mbarali, mkiona sola ndogo imesimama peke yake karibu na mlima, msiing'oe.