Je, Wajua? Kasisi wa Oyo na Kitabu Kilichopotea

Je, wajua kwamba historia ya Wayoruba ambayo kila mtafiti huanza nayo, hata yule anayetaka kuipinga, haikuandikwa na profesa wala ofisa wa kikoloni? Mwandishi wake ni Samuel Johnson, kasisi wa Kianglikana aliyechunga kanisa mjini Oyo, bara ya Nigeria ya leo. (Yule Johnson wa kamusi ya Kiingereza ni mwingine kabisa.)

Je, wajua kwamba hakuzaliwa Nigeria? Alizaliwa mwaka 1846 kijijini Hastings, Sierra Leone. Baba yake, Henry Erugunjinmi, alikuwa mtu wa Oyo aliyeuzwa utumwani, kisha akakombolewa na kushushwa pwani hiyo pamoja na maelfu ya wenzake. Ukoo wao ulijihesabu kuwa uzao wa Abiodun, mfalme wa Oyo wa karne ya 18. Liweke hilo akilini, tutalihitaji.

Wajua alikulia vitani? Familia ilihamia Ibadan akiwa mtoto, baba akimsaidia mmisionari Mjerumani David Hinderer. Vita vya Ijaye vilipozuka mwaka 1860, njia ya kwenda pwani ilifungwa, na akina Hinderer wakawa wanauza vitu vya nyumbani ili wapate chakula. Baadaye kijana akapelekwa kusoma Abeokuta, akarudi Ibadan kuwa mwalimu, akawa katekista mwaka 1875, shemasi mwaka 1880 na kasisi mwaka 1888.

Je, wajua kwamba alikuwa pia mjumbe wa mfalme? Vita vya Kiriji, kati ya Ibadan na muungano wa Ekiti na Ijesha, vilidumu tangu 1877 hadi 1893. Alaafin Adeyemi, mfalme wa Oyo, alipotaka Waingereza wasuluhishe, Johnson ndiye aliyebeba ujumbe wake hadi kwa gavana wa Lagos. Mwaka 1886 yeye na kasisi mwenzake Charles Phillips wakapita kambi kwa kambi wakitafuta saini za mkataba wa amani. Mjumbe hauawi, wasemavyo wahenga, lakini majemadari waliokaa maporini miaka tisa wakiviziana hawakuwa watu wa kuwaendea kwa mzaha. Saini zilipatikana. Amani kamili ilichelewa miaka mingine saba.

Safari hizo ndizo zilizomlisha mwanahistoria. Wakuu wa vita aliowaandika alikuwa amewaona kwa macho na kuzungumza nao, jambo ambalo wanahistoria wachache hujaliwa. Ya kale zaidi aliyapata kwa arokin, malenga wa ikulu ya Oyo ambao kazi yao ya kurithi ni kuhifadhi habari za wafalme, na kwa wazee kama David Kukomi wa kanisa la Ibadan. Kilichomsukuma ni aibu: aliona wasomi wenzake wanaijua historia ya Uingereza, Roma na Ugiriki, na ya kwao hawaijui.

Je, wajua kwamba kitabu hicho kilipotea kabla ya kuchapishwa? Alikimaliza mwaka 1897. Mwaka 1899 mswada ukatumwa kwa mchapishaji Uingereza kupitia shirika kubwa la kimisionari. Kimya. Mwaka uliofuata mdogo wake Obadiah, aliyekuwa daktari, alifika Uingereza akaenda kuuliza mwenyewe. Akaambiwa mswada haujulikani ulipowekwa, haupatikani, na kwamba mchapishaji yuko tayari kuulipia! Kuulipia kwa bei gani? Wazee waliosimulia wengine walikwisha kufa. Sijui jibu la kibiashara lililo baridi kuliko hilo. Samuel alifariki mwaka 1901, na mswada wake haujaonekana hadi leo.

Kwa bahati alikuwa ameacha rasimu na lundo la maandishi ya awali. Daktari Obadiah akaketi kukiandika upya kitabu cha kaka yake, kazi iliyomchukua miaka mingi.

Na wajua kilitekwa? Januari 1916 mswada mpya ulipakiwa katika meli Appam kwenda Uingereza. Karibu na Madeira meli hiyo ikakamatwa na Möwe, manowari ya Kijerumani iliyojifanya meli ya mizigo. Gavana wa Sierra Leone alikuwa miongoni mwa abiria! Wajerumani wakaipeleka hadi Virginia, Marekani, na kesi yake ikafika Mahakama Kuu ya nchi hiyo, ambayo mwaka 1917 iliamua irudishwe kwa wenyewe. Baada ya muda mrefu mswada nao ukawafikia wapiga chapa.

Kitabu kilitoka London mwaka 1921, kurasa zaidi ya 600: vita, wafalme, sheria za ardhi, majina, chale za uso, hata sarufi. Obadiah alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla.

Je, wajua kwamba wanahistoria wa baadaye wamekikosoa sana? Johnson huitazama nchi nzima kutoka baraza la Oyo, na miji mingine hutokea kama watoto wa nyumba ndogo. Mkumbuke Abiodun. Aidha, aliamini asili ya Wayoruba ni Misri ya Juu au Nubia, dai ambalo wataalamu wa leo hawalikubali.

Mwisho, je, wajua kwamba upande wetu tulikuwa na mwenzake? Kasisi Yohana Abdallah, aliyesoma Kiungani, Unguja, na kuhudumu Unangu kaskazini mwa Msumbiji, aliandika historia ya Wayao, tena kwa Kiyao chenyewe. Ilichapishwa Zomba mwaka 1919, miaka miwili kabla ya ile ya Johnson. Naye pia alipata daktari wa kumsaidia: Meredith Sanderson, tabibu wa serikali ya Nyasaland, ndiye aliyeihariri na kuitafsiri.