Fahamu: Kuhariri video za mafuriko ukiwa Garsen
Mto Tana ulipofurika mwaka 2024, wengi walirekodi maji kwa simu. Kazi ngumu ni kuhariri. Saa moja ya video ya 4K, kwa megabiti 100 kwa sekunde, hula gigabaiti 45, na kompyuta ya kawaida hukwama. Usikimbilie mashine ya bei ghali. Tengeneza nakala nyepesi za 720p, hariri hizo, kisha programu irudie faili asili inapotoa video kamili. Programu ya DaVinci Resolve hufanya hivyo bure. Pesa ziende kwenye RAM ya gigabaiti 16 na diski ya SSD. Joto la Garsen hupunguza kasi ya prosesa, kwa hiyo hariri alfajiri. Faili asili ziweke kwenye diski mbili, moja ikae mji mwingine, tuseme Malindi.