Peru: Muhandisi asiyekuwa mwanasiasa alishinda uchaguzi, kisha akafunga bunge

Kila wakati wa uchaguzi, kuna wakaaji wanaosema kwamba wanasiasa wamewachosha, heri kujaribu mutu wa kazi: munganga, mwalimu ao muhandisi. Munamo tarehe 20 mwezi wa kumi na mbili 2023, munganga Denis Mukwege wa hospitali ya Panzi, Bukavu, aligombea kiti cha raisi wa DRC. Hakufikisha hata asilimia moja ya kura.

Huko Peru, Amerika ya Kusini, jaribio kama hilo lilifaulu. Na hadi leo raia wa inchi ile wanabishana juu ya matunda yake.

Alberto Fujimori alizaliwa Lima munamo mwaka wa 1938, mutoto wa wahamiaji kutoka Japani. Alisomea uhandisi wa kilimo, yaani alikuwa agronome, akafundisha, kisha akawa rekta wa chuo kikuu cha kilimo cha La Molina. Hakuwa amepitia bungeni wala serikalini.

Munamo 1990, Peru ilikuwa katika mateso. Bei za vitu zilipanda kila siku, feza ya inchi haikuwa tena na thamani, na waasi wa Sendero Luminoso walikuwa wakiua watu vijijini na mijini. Aliyetazamiwa kushinda ni mwandishi wa vitabu Mario Vargas Llosa, aliyeungwa mukono na vyama vya mrengo wa kuume.

Fujimori aliunda chama kipya, Cambio 90. Alizunguka mitaa ya maskini juu ya trakta, akiahidi mambo matatu: uaminifu, teknolojia na kazi. Katika duru ya kwanza, tarehe 8 mwezi wa ine, alikuwa wa pili. Katika duru ya pili, tarehe 10 mwezi wa sita, alipata zaidi ya asilimia 60 ya kura.

Hapo ndipo shida ilianza. Chama kilichoundwa haraka hakikupata wabunge wa kutosha, basi raisi mupya akaegemea jeshi na idara ya upelelezi. Munamo mwezi wa nane alipitisha mupango mukali wa uchumi, wa namna ile aliyoipinga wakati wa kampeni. Bei ya petroli ilipanda mara nyingi kwa siku moja.

Tarehe 5 mwezi wa ine 1992, alifunga bunge kwa musaada wa jeshi na kushika mahakama. Wengi walimupigia makofi. Miezi mitano nyuma yake, kiongozi wa Sendero Luminoso, Abimael Guzmán, alikamatwa. Kupanda kwa bei kulikuwa kumepungua sana. Hayo ndiyo wanaomusifu wanakumbuka.

Lakini katiba mupya ya 1993 ilimuruhusu kugombea tena. Alishinda 1995, kisha akatafuta muhula wa tatu munamo 2000. Mwaka huohuo, video ilionyesha mukubwa wa upelelezi wake, Vladimiro Montesinos, akimupa mubunge mafranga. Fujimori alikimbilia Japani na kutuma barua ya kujiuzulu kwa faksi.

Munamo 2009, mahakama ya Peru ilimuhukumu miaka 25 ya kifungo kwa ajili ya watu 25 waliouawa na kikosi cha jeshi huko Barrios Altos na La Cantuta. Alikufa tarehe 11 mwezi wa tisa 2024, akiwa na miaka 86.

Wachaguzi wa 1990 waliuliza kama mugombea ni mwanasiasa ao hapana. Wachache waliuliza nani atakuwa pamoja naye bungeni, na nani atamuzuia siku atakapokataa kuzuiwa. Maswali hayo mawili, munganga ao muhandisi anayeomba kura anaweza kuyajibu mbele ya watu kabla ya siku ya kupiga kura.